Kanyosha: Picha ya Simu Inapogeuka Kipimo

Mvua kubwa ikishanyesha kwenye milima iliyo juu ya Bujumbura, Kanyosha huanza kupigwa picha kabla matope hayajakauka. Mmoja anapiga ukuta wa jirani ulioanguka usiku. Mwingine anapiga mto ukishuka na mawe. Kijana anasimama kwenye barabara iendayo Rumonge na kuonyesha magari yaliyokwama. Muda si mrefu picha zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya msikiti na ya wauzaji wa sokoni, zikisindikizwa na maneno machache: "Poleni sana ndugu zetu."

Miezi sita baadaye picha zile bado zimo ndani ya simu, lakini zimekuwa bubu. Ukuta ule ulikuwa wa mtaa gani? Maji yalifika wapi kabla ya kupungua? Ni mvua ya Machi au ya Aprili? Aliyepiga anakumbuka nusu, na aliyetumiwa hajui lolote. Hapo jamii imepoteza kitu cha thamani. Picha ya mtu wa kawaida, iliyopigwa kwa simu ya kawaida, inaweza kupima kina cha korongo, mwendo wa mto na kimo cha ziwa. Inachohitaji ni habari yake iandikwe pamoja nayo.

Milima karibu, ziwa karibu

Kanyosha iko kusini mwa jiji, kati ya Ziwa Tanganyika na vilima vya Mumirwa. Uso wa ziwa uko takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nili kinapita mita 2,000, na umbali wa kutoka kimoja hadi kingine kwa mstari ulionyooka haufiki kilomita 30. Mito kama Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Mugere inateremka mwinuko huo wote kwa safari fupi, ikipita kwenye udongo laini wa mchanga na changarawe. Maji yakija kwa nguvu, kingo hazina cha kuyazuia.

Juu ya hayo kuna mabati. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua paa la mita 60 za mraba na mvua ya milimita 40: hizo ni lita 2,400, yaani bidoni 120 za lita 20 kutoka nyumba moja tu. Nyumba 500 za namna hiyo zinamwaga lita 1,200,000. Zamani palipokuwa na migomba na nyasi, sehemu ya maji hayo ilinywewa na ardhi. Sasa yanatafuta njia ya kushuka, na njia hiyo mara nyingi ni kichochoro kati ya nyumba mbili.

Hapo ndipo picha za zamani zinapoanza kusema. Picha ya harusi ya miaka ya 1990 ilipigwa kwa ajili ya bibi harusi na wazee wa pande mbili. Mwanasayansi ataitazama nyuma ya mabega yao: mabati mangapi yanaonekana mlimani, migomba imeishia wapi, mtaro wa maji ulikuwa na upana gani. Mpiga picha hakukusudia kuandika historia ya mteremko ule, lakini ameiandika.

Miti iliyoingia ziwani

Desturi ya kupima mazingira kwa kumbukumbu ya kawaida ni ya siku nyingi katika ziwa hili. Kusini kidogo ya Kanyosha, huko Mugere, lipo jiwe lenye majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871, walipopita wakichunguza upande wa kaskazini wa ziwa. Katika safari hiyo walithibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki.

Mwaka huo huo, kule Ujiji, Stanley aliona miti ya jamii ya mnazi ikiwa imesimama nchi kavu, sokoni. Aliporudi mwaka 1876 aliikuta miti ile ile imesimama majini. Kwa kuwa alikuwa ameandika mahali na wakati, jambo dogo la sokoni likawa ushahidi kwamba ziwa lilikuwa limepanda. Mlango wake wa kutokea, mto Lukuga ulio karibu na Kalemie ya leo, ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Mnamo 1878 kizuizi kilibomoka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10.

Ziwa halijaacha kupanda na kushuka. Mwaka 1964 lilifika mita 777 hivi, na mwaka 2024 likakaribia tena kimo hicho, likaingia nyumba za Gatumba, na za Kibenga iliyo jirani tu na Kanyosha. Safari hii kila aliyekuwa ufukweni alikuwa na kamera mfukoni. Picha ya mlango wa duka uliozama hadi kwenye kitasa ina thamani ile ile ya miti ya Ujiji, mradi tujue ni duka la barabara gani na ilikuwa siku gani.

Waliotufundisha kurudi pale pale

Wanasayansi wana njia rahisi ya kutumia picha za namna hii: unatafuta picha ya zamani, unaenda kusimama pale pale aliposimama mpiga picha wa kwanza, unapiga tena, kisha unalinganisha. Ethiopia inatoa mfano mzuri. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilipomwendea Mfalme Tewodros, wapiga picha wake walipiga picha za milima ya kaskazini. Miaka 140 baadaye watafiti wakiongozwa na Jan Nyssen wa Ubelgiji walirudi kwenye sehemu zile zile. Wengi walitarajia kuona ardhi iliyochakaa. Picha zilionyesha kwamba mahali pengi palikuwa na miti na majani mengi kuliko mwaka 1868, ishara kwamba kazi ya wakulima ya kujenga matuta na kulinda vilima ilikuwa imezaa matunda. Picha iliwapa wakulima haki yao.

Karibu zaidi, wanasayansi wa Kongo na wa Ubelgiji wamehesabu makorongo yanayokula miji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025 walikuta makorongo zaidi ya 2,900 katika miji 26, na watu zaidi ya 100,000 waliopoteza makazi kwa sababu yake tangu 2004. Kazi kubwa ilifanywa kwa picha za setelaiti na zile zilizopigwa na ndege zamani. Lakini setelaiti hutazama kutoka juu. Ukuta wa korongo uliochimbwa kwa chini na ufa mwembamba uliofunguka jana nyuma ya jiko vinaonwa kwanza na mwenye nyumba.

Uganda wamelielewa jambo hilo. Kwenye miteremko ya Rwenzori, tangu 2017 watafiti wamefanya kazi na wanavijiji waliofunzwa kutumia simu kuripoti maporomoko na mafuriko: wapi, lini, nini kimeharibika, pamoja na picha. Watu hao wanafika siku hiyo hiyo, kabla jembe na mvua nyingine hazijafuta alama.

Korongo linavyokua, na pa kusimama

Tazama kichwa cha korongo, yaani ncha yake ya juu ambapo maji yanaingia. Maji yanaanguka kutoka ukingoni, yanachimba shimo chini, na shimo hilo linakula ukuta kwa ndani. Kwa macho ya mtu aliyesimama juu, ardhi bado ni nzima. Kumbe imebaki kama kibaraza kisicho na nguzo. Siku moja kipande kizima kinakatika, na kichwa cha korongo kimesogea mita moja au mbili kuelekea nyumba za juu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni ya uhai: usisimame kwenye ukingo. Piga kutoka ng'ambo au kutoka pembeni, mahali pagumu, na mvua ikiwa imekatika.

Sheria ya pili ni kusimama pale pale kila mara. Njia nyepesi ni ile wavuvi wanayoitumia kujua walipo majini: oanisha alama mbili. Sogea mpaka nguzo ya umeme iliyo karibu iwe sawasawa na kilele fulani cha milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kisha tafuta jozi nyingine upande mwingine, labda kona ya nyumba na mti mkubwa. Mistari miwili inakutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo pa kusimama mwezi ujao na mwaka ujao.

Sheria ya tatu ni kipimo. Weka bidoni ya lita 20 ambayo umeshapima urefu wake, au mwombe mtu mzima asimame mahali salama. Kipimo kiwe umbali ule ule na kitu unachokipima. Bidoni ikiwa katikati ya safari, yaani nusu ya umbali, itaonekana kubwa mara mbili, na korongo litaonekana dogo kuliko lilivyo. Ukutani, matofali yanatosha. Pima safu moja pamoja na udongo au saruji yake. Tuseme ni sentimita 10, na alama ya matope iko safu ya 7 kutoka msingi: maji yalifika sentimita 70. Picha iliyoonyesha msingi pamoja na alama ya matope imeshapima mafuriko. Iliyoonyesha matope peke yake imeonyesha huzuni tu.

Ukiweza, piga picha kadhaa ukisogea hatua kwa hatua, kila moja ikibeba zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Kompyuta inaweza kulinganisha jinsi vitu vya karibu vinavyohama kuliko vya mbali, ikajenga umbo la korongo lenye kina, urefu na upana.

Simu inaandika, WhatsApp inafuta

Kila picha ya simu hubeba maandishi yasiyoonekana: tarehe, saa, aina ya simu, na mahali ikiwa umeruhusu. Utaratibu huo unaitwa Exif, na ulianzishwa Japani mwaka 1995. Mahali palipo wazi simu hukosea kwa mita 5 hivi. Kati ya kuta ndefu kosa huongezeka, kwa kuwa mawimbi ya setelaiti yanagonga kuta kabla ya kufika.

Tatizo ni kwamba picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, hubanwa na kupoteza maandishi hayo. Jina kama IMG-20240415-WA0003 linaonyesha siku picha ilipopita WhatsApp, ambayo yaweza kuwa miaka mingi baada ya kupigwa. Ndiyo maana picha za mafuriko ya zamani huzuka upya kila masika na kuwatia watu hofu. Dawa ni mbili: itume kama dokumenti, na uandike habari yake kwa maneno.

Maneno yanasaidia hata kumbukumbu ya mpiga picha. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha mwaka 2014 utafiti wa watu waliotembezwa katika jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu. Lakini walipoambiwa wavute karibu sehemu moja ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Anayetazama kwa makini ndiye anayekumbuka, na kuandika hukulazimisha kutazama.

Habari yenyewe iwe fupi: "Kanyosha, Gisyo, nyuma ya kisima. Jumanne 16 Aprili, saa mbili asubuhi. Natazama kuelekea ziwani. Jiko la jirani lilianguka saa tisa usiku, mvua ilianza saa moja jioni. Hakuna aliyeumia." Hapo mhandisi ana saa, mwelekeo na muda wa mvua, na mjukuu atakayeisoma atajua tuliishije.

Lakini msiba wa mtu si mali ya kila mwenye simu. Omba ruhusa kabla ya kupiga nyumba iliyoanguka, usionyeshe nyuso za waliofiwa wala watoto, na usitangaze hadharani jina wala mahali kamili anapolala mtu aliyepoteza kila kitu. Kituo cha ulinzi kisipigwe picha kabisa.

Ewe msomaji wa Kanyosha, wa Uvira au wa Kigoma, usisubiri mtafiti aje na vyombo vyake. Chagua sehemu moja salama unayopita kila siku: mtaro, daraja, ukuta, ufukwe. Ipige leo ikiwa kavu, maana bila picha ya ukavu hatuna cha kulinganisha na mafuriko. Rudi pale pale mwanzoni mwa kila mwezi na baada ya kila mvua kubwa. Andika mahali, siku, saa, upande na kilichotokea, na umpe mtu mwingine nakala ya kutunza. Kisha mkikaa na viongozi wa mtaa kuzungumzia mitaro na kingo za mto, fika na picha zako zimepangwa kwa tarehe. Malalamiko yanaweza kujibiwa kwa ahadi. Picha kumi na mbili za korongo moja zinadai kujibiwa kwa kazi.