Kilomita tatu kutoka kiwandani

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Célestin Banza, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walitoa majibu ya vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga ya kusini. Karibu theluthi yao walikuwa watoto wasiozidi miaka 14. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini walikutwa na kobalti, aseniki, kadimi, risasi na urani nyingi kuliko waliokaa kati ya kilomita 3 na 10. Kobalti hasa ilishtua: kwa raia wa kawaida, kiwango kama hicho hakikuwa kimewahi kuripotiwa popote duniani.

Sasa weka rula juu ya ramani ya Likasi, mji wa Katanga hiyohiyo. Kiwanda cha shaba cha Shituru, kilichoanza kazi mwaka 1929, kimo ndani ya mji, na komini nzima ina jina lake. Shituru na Panda zilianza kama kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni. Kikula ndiyo iliyokuwa site ya Waafrika, Wazungu wakikaa kwao. Kampuni ndiyo iliyoamua nani alale wapi, na ilimtaka mfanyakazi alale jirani na kazi. Umbali ule uliopimwa kwa faida ya kampuni ndio wajukuu wanaoishi nao hadi leo.

Shaba ikitolewa kwenye jiwe kwa asidi ya salfa na umeme, yanabaki matope. Humwagwa bwawani, na kiangazi kikiingia yanakauka, upepo unayachukua. Mtoto wa miaka miwili anayecheza chini anashika udongo, kisha anashika bukari kwa mkono uleule. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo vumbi kidogo kwake ni dozi kubwa. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2014 ulifuata njia ambazo kobalti hupita: kwa mtu mzima, sehemu kubwa huja na chakula, hasa mboga na nafaka zilizolimwa papo hapo, kwa mtoto, vumbi linaongezea. Jani la lengalenga lina hasara mara mbili, kwa sababu mzizi unanyonya madini ardhini na vumbi nalo linatua juu yake.

Wataalamu wa maafa wanatufundisha tusipime janga peke yake, tupime pia nani linampata na ana nini mkononi. Mwaka 2003 Gécamines, iliyorithi Union Minière, iliwalipa wafanyakazi 10,655 waache kazi. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa unga, shule na hospitali ya familia zao. Mwenye mshahara ananunua mboga zilizotoka mbali. Asiye nao analima nyuma ya nyumba, au anakwenda kuchimba. Vumbi ni lilelile, lakini haliwaumizi sawa.

Mgodi wa Shinkolobwe, kama kilomita 20 kutoka Likasi, unaonyesha kinachotokea nusu ya pili ya kipimo hicho, yaani watu wenyewe, ikisahauliwa. Mgodi huo ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Wachimbaji waliendelea, kwa sababu njaa haifungwi kwa amri. Julai ardhi iliporomoka ikaua watu wanane. Agosti vibanda vikabomolewa, na maelfu ya watu wakaondolewa. Shimo lilikuwa limepangiwa, watu hawakupangiwa kitu.

Ndiyo maana naamini kazi hii ni ya mji kabla ya kuwa ya Kinshasa. Nyenzo zipo. Sheria ya ugatuzi ya Oktoba 2008 inaipa miji na komini mamlaka yake, na Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaipa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa asilimia 15 ya mrabaha. Kazi ya kwanza ya fedha hizo iwe ramani ya vumbi, mtaa kwa mtaa, kuanzia viwanja vya shule. Pasipo ramani, barabara mpya na soko jipya vitajengwa popote palipo wazi, na panapokuwa wazi karibu na kiwanda huwa pana sababu.

Tena dawa nyingine ni ya kwetu. Penga-Penga, mtaa wa Lubumbashi ulio upande upepo unakopeleka moshi wa kiwanda, ardhi ilikuwa imekufa kabisa. Watafiti wa chuo kikuu walichanganya chokaa na mboji kwenye udongo, wakapanda Microchloa kunthii, nyasi fupi ya Katanga inayovumilia shaba. Chokaa hupunguza ukali wa udongo, na madini yanakuwa magumu kunyonywa. Nyasi huushika udongo usipeperuke. Hilo meya anaweza kuliagiza.

Kipo pia kisichongoja. Tarehe 18 Februari 2025 ukingo wa bwawa la mabaki ulipasuka Chambishi, Zambia, asidi ikaingia mto Kafue na jiji la Kitwe likafunga maji. Maji ya Likasi nayo yana njia yake, kuelekea Lufira na ziwa Tshangalele wanakovua watu. Kila chifu wa mtaa ulio bondeni anaweza kuanza na daftari: nyumba zilizo chini ya bwawa, wazee, wajawazito, wasioweza kutembea, nani atawabeba na kwa njia ipi, na namba ya simu ya mtu wa zamu kiwandani. Mvua za Novemba zikute daftari limeshaandikwa.