Ukoga katika Hodhi Jipya la Samaki

Mtu aliyekwisha kutandaza changarawe katika hodhi lake jipya la kioo, akalipamba kwa mawe na mimea, akalijaza maji meupe hata samaki wakaonekana kana kwamba wanaelea hewani, huingiwa na fadhaa pale ambapo, kabla mwezi haujaisha, vioo vinaanza kuvaa utando wa hudhurungi na mawe yanateleza yakiguswa. Na shauri la kwanza linalomjia ni kumwaga maji yote, kusugua kila kitu na kuanza upya. Shauri hilo ndilo baya kuliko yote.

Ukoga huo ni dalili ya maji machanga. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika changarawe na sifongo ya chujio huzaliwa taratibu bakteria wa jamii ya Nitrosomonas, ambao huigeuza kuwa nitriti, sumu ya pili, kisha wale wa jamii ya Nitrospira huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Kazi hiyo hutaka aghalabu wiki 4 hadi 6 kukamilika, na anayeosha changarawe na chujio kwa maji ya bomba yenye klorini huwaua watumishi hao, akairudisha kazi mwanzo.

Utando wa hudhurungi, ufutikao kwa kidole, ni vijimea vya chembe moja viitwavyo daiatomu, ambavyo hujijengea gamba la silika. Silika iliyomo majini ikipungua, navyo hutoweka, mara nyingi pasipo dawa yoyote. Ukoga wa kijani hufuata mwanga na nitrati. Ama ule wa kijani cha samawati, ufunikao changarawe kama shuka telezi na kunuka tope, huo kwa hakika ni bakteria, na hupasa kufyonzwa kwa mpira.

Haya si mapya. Robert Warington, mwanakemia wa London, aliyetangaza mwaka 1850 majaribio yake ya kuwaweka samaki wawili wadogo wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria, aliona majani yaliyooza yakichafua maji na ukoga ukifunika kioo. Akatia konokono wa majini, wakala uozo ule, maji yakatakata.

Katika nchi zetu, zilizo karibu na ikweta, adui mkubwa ni dirisha. Hodhi lisiwekwe penye jua, na taa yake iwake saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Chakula kiwe kile ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili hivi, kwa kuwa kinachozama ni mbolea ya ukoga. Kila wiki ibadilishwe robo ya maji, yaliyoondolewa klorini, na sifongo ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa humo humo. Mimea ikuayo upesi na ipandwe kwa wingi tangu siku ya kwanza, maana huunyang'anya ukoga riziki yake. Dawa za kuulia ukoga siziamini: ukifa wote kwa mkupuo huoza, uozo ukala oksijeni, samaki wakatweta juu ya maji, na zile zenye shaba huwaua konokono.

Wala usiuchukie ukoga wote. Mbuna, samaki wa rangi za kupendeza waishio kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, hushinda wakikwangua mwani juu ya mawe, na ndicho chakula chao cha asili. Afugaye hao na akwangue kioo cha mbele tu, apate kuwaona, mawe na kioo cha nyuma awaachie wenyewe.