Ngombe ya madoa meupe inaungua na jua, jirani hana kosa

Huku Karuba hatuna farasi. Kwenye inchi za farasi, mwenye kuifuga akiona alama nyeupe kwenye paji ao kwenye pua, anajua chini ya manyoya ile ngozi haina rangi na jua litaichoma. Anaipaka mafuta ya zinki, anaivalisha kitambaa usoni. Sisi tuko na ngombe, na mambo ni yale yale.

Wengi wetu tunaoshuka mashimoni, feza ikipatikana tunanunua ngombe. Bei ya koltani ikianguka, ngombe inabaki: ndiyo minervali ya watoto, ndiyo mashanza ya nyumbani. Zile zenye damu ya Friesian tunazipenda juu ya maziwa, lakini ziko na madoa meupe.

Kiangazi, ngombe ya mwenzetu mumoja ilivimba ngozi, ikakauka, ikabanduka kama ganda la muti. Sehemu nyeupe tu! Nyeusi pembeni ilibaki nzima. Jioni watu walikuwa wamekwisha kutaja jina la jirani: eti alimwaga maji ya moto, ao sumu. Huku Masisi tunajua maneno ya namna hiyo yanafika wapi. Tukaenda sisi wa sendika, tukauliza: mutu anayemwaga maji ya moto anawezaje kufuata mupaka wa rangi?

Jua letu, karibu na ekweta na juu ya milima, ni kali hata siku ya baridi. Lakini kubanduka vile, mara nyingi kuna majani ndani yake. Lantana, ile ya maua madogo ya manjano na mekundu, majani yanakwaruza na kunuka, inaharibu maini. Ngombe mwenyeji inaikwepa. Ile yenye njaa ao iliyokimbizwa na vita mpaka kwenye malisho isiyoyajua, inaila. Kwa kawaida maini yanatoa mwilini kitu kinachotoka kwenye rangi ya kijani ya majani. Yakishindwa, kitu hicho kinabaki katika damu, kinafika kwenye ngozi, na mwanga ukikigusa, ngozi inaungua. Ngozi nyeusi inazuia mwanga. Nyeupe haina cha kuzuia. (Na watoto wetu albino nao wanahitaji kofia na mikono mirefu, tusiwatume kuchunga saa sita.)

Ukiona macho ya manjano, ngombe haili, inatafuta kivuli: itoe kwenye malisho hayo siku ile ile, ifunge kivulini, ilishe usiku. Ita veterineri, maini si kazi ya kubahatisha. Chuchu zikiwa na vidonda, paka zinki, fukuza nzi, kamua polepole. Ikipiga teke, si ukaidi, ni maumivu.

Lantana iliyo kwenye uzio ingoe na mizizi. Ukiikata tu, inaota tena.