Uzee Si Hatia

Basi letu la kwenda Mombasa liliposimama Mtito Andei ili abiria wapate chakula, mchuuzi mmoja alitujia na chupa za dawa ambayo, kwa madai yake, huondoa makunyanzi na kuzuia mvi. Vijana waliangua kicheko. Mzee niliyeketi naye alinunua chupa moja. Nilipomtania, alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, kwetu Kilifi mvi zinaua. Sinunui ujana, nanunua uhai."

Mzee huyo hakuwa akitia chumvi. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi na macho mekundu vikifanywa ushahidi. Mara nyingi kiini huwa ugomvi wa ardhi. Wengine hupaka nywele rangi nyeusi. Wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, Ganze.

Lugha yetu ina hukumu tofauti. Aliyekomaa tunamwita mtu mzima, na neno hilo hilo, mzima, ndilo tunalomwitia mwenye afya na kitu kisichopungua. Wahenga wakaongeza: utu uzima dawa. Katika Kikamba, lugha ya Mtito Andei, mutumia ni mzee wa kuheshimiwa barazani. Hata hivyo, Kiswahili kina pia kizee na kikongwe, ambapo kiambishi ki- humshusha mtu akawa kama kitu.

Mvutano huu umefika mbali. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, lilikuwa limeingizwa neno "uzee". Wapo wataalamu waliolifurahia, wakitumaini kwamba lingefungua njia ya utafiti wa dawa. Watetezi wa wazee walipinga, nalo likaondolewa.

Sipingi tiba. Anayeumwa magoti au mwenye mtoto wa jicho na atibiwe. Lakini hakuna chupa iwezayo kumtibu kijana anayeona hatia katika mvi za babu yake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika "kizee" katika insha, msimsahihishe kwa wino mwekundu tu. Mwulizeni anamsema nani, na amekosa nini.