Mizani ya Gesi Isiyoonekana

Mkulima wa ufuta wa Kibiti akifikisha mzigo kwenye chama cha ushirika, macho yake huwa kwenye mizani. Mkaguzi wa Wakala wa Vipimo huijaribu mizani hiyo kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana: akiweka kilo 20, nayo isome kilo 20. Hata Kitabu cha Mithali kinaikemea mizani ya hila.

Je, gesi isiyoonekana wala kunuka inapimwaje? Swali si la mbali. Tangu mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kupitia ukanda wetu huu, na mwaka 2015 likaongezeka bomba la kutoka Mtwara. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani. Ikivuja bila kuungua, katika miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Papa Fransisko aliitaja methani katika Laudato Si', namba 23.

Wapimaji hutumia kamera maalumu, ndege, hata setilaiti. Jiwe la mizani hapa ni uvujaji wa makusudi. Watafiti hufungulia gesi kupitia mita, wakijua kilo ngapi zinatoka kwa saa, lakini mpimaji haambiwi. Mara nyingine hawafungulii kabisa, waone kama ataripoti uvujaji usiokuwapo. Mtego huo naupenda.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Stanford kilizijaribu setilaiti hivyo huko Ehrenberg, Arizona, Marekani. Uvujaji mkubwa ulifika tani 7.2 kwa saa. Mdogo kabisa ulioonekana ulikuwa tani 0.2. Kwa hiyo setilaiti isipoona kitu, haina maana kwamba hakuna kitu: kilo 50 kwa saa zingeweza kupita kimya.

Tena Arizona ni jangwa. Delta ya Rufiji ina mawingu, maji yasiyoakisi mwanga vizuri, na tope la mikoko linalotoa methani yake lenyewe. Kifaa kilichofaulu jangwani kinapaswa kujaribiwa upya juu ya tope hilo, pamoja na kupima ethani, gesi inayoambatana na methani ya bombani lakini karibu haipo kabisa katika ile ya matope.