Kulinganisha Desturi: Kazi ya Mwanafunzi na ya Mwalimu Wake

Waseminari wetu wa teolojia, wakifika mwaka wa kuandika kazi yao ya mwisho, wengi wanapenda kulinganisha: upande mmoja desturi ya kabila lao, upande mwingine fundisho la Eklezia. Ni kazi njema. Lakini ina mtego, na mapadri wanaowasimamia wanaujua vema: mtego wa kufika upesi. Kijana anaona mambo mawili yanafanana, anafurahi, anaandika ya kuwa ni jambo moja. Hapo kazi imekwisha kufa.

Tutwae mfano wa kweli. Mwaka wa 1955 Padri Vincent Mulago, mwana wa Kivu, alitetea huko Roma andiko lake la udokta juu ya umoja wa uzima kwa Wabantu. Tuangalie kwanza namna alivyochagua. Hakusema juu ya Afrika nzima, wala hakujifungia katika kabila moja. Alitwaa watu walio jirani, Bashi, Banyarwanda na Barundi, akatafuta kwao ni nini kinachofunga watu wa ukoo, walio hai na waliokufa. Kisha akaliweka jibu hilo mbele ya umoja wa Eklezia. Sisi tunaona hekima katika hesabu hiyo ya tatu. Ukiwa na kabila moja tu, huwezi kupambanua mzizi na jani. Ukiwa na makabila thelathini, utayajua kwa njia ya vitabu vya wengine tu, na lugha zao hutazisikia.

Mwaka wa 1956 mapadri weusi kadhaa walitoa kitabu pamoja, Des prêtres noirs s'interrogent, na ndani yake Mulago aliandika juu ya mapatano ya damu na chakula cha ushirika. Aliviita mawe ya kungojea Ekaristia. Maneno hayo yanatoka kwa waashi: fundi anaacha mawe yamejitokeza ukingoni mwa ukuta, kusudi ukuta mwingine upate kushikamana nao siku moja. Basi jiwe la kungojea si ukuta unaongojewa. Wengi wanayasahau hayo.

Wanyarwanda waliita mapatano hayo kunywana, maana yake kunyweana. Watu wawili walichanjwa tumboni, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, na laana ikatamkwa juu ya atakayemsaliti nduguye. Kijana anaandika haraka: damu hapa, damu pale, udugu hapa, udugu pale, kwa hiyo Ekaristia ni kunywana kwa Wakristu. (Wakatekista wasicheke, kwani hata katika mafundisho maneno hayo yanasikika.)

Sasa kazi ya mwalimu inaanza. Hamwambii mwanafunzi "umekosa", wala hamwandikii jibu. Anamwuliza. Katika kunywana, nani anaanza kutoa? Wote wawili, sawasawa, kila mmoja akitafuta rafiki wa kumlinda. Na katika Ekaristia? Yezu Kristu anatoa peke yake, tena kwa ajili ya watu wasio na kitu cha kurudisha. Kijana anarudi chumbani, anaandika upya, na mara hii anaanguka upande wa pili: anasema hakuna mfano wowote, kwa sababu kule kuna laana na huku kuna neema tu. Mwalimu anamtuma kwenye sura ya 11 ya Barua ya kwanza kwa Wakorinto, asome juu ya mtu anayekula pasipo kustahili. Basi hata lile la laana halikuwa mbali sana! Njia hii inachosha, lakini ndiyo njia. Kufanana na kutofautiana vinapaswa kuandikwa kila kimoja pahali pake.

Tena kuna jambo la lugha. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, naye alitetea andiko lake Roma mwaka huohuo wa 1955, katika Gregoriana. Alitwaa mafungu kumi ya Aristotle, akayaweka mbele ya maneno manne ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, yaani mwenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna ya kuwa. Mwaka wa 1976 alitoa kitabu kingine, akilinganisha safari hii lugha nyingi za Kibantu.

Tujaribu sisi katika Kiswahili. Tunapata mtu, tunapata kitu. Halafu? Mahali ni neno la Kiarabu. Fasi, tunavyosema hapa Kongo, latoka katika nafasi, nalo ni la Kiarabu. Jinsi vilevile. Je, tuseme wenye Kiswahili walikuwa hawana wazo la mahali mpaka Waarabu walipofika? Ni upuuzi. Zaidi ya hayo, hapa, pale, pana, zote zinashika ile pa- ya zamani. Neno limepotea, sarufi imelinda. Ndiyo sababu waliompinga Kagame walikuwa na haki walipouliza kama sarufi yatosha kuonyesha mawazo ya watu. Mwanafunzi aende pia kwenye methali, hadithi, na hukumu za wazee.

Mwalimu na mwanafunzi waweza pia kupingana waziwazi. Mwezi wa Januari 1960, katika Universite ya Lovanium, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alitetea teolojia yenye rangi ya Kiafrika, na Kanoni Alfred Vanneste, mkubwa wa Fakulte ya Teolojia, akajibu ya kuwa kwanza inatakiwa teolojia ya kweli. Maneno ya wote wawili yalipigwa chapa mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain. Mwanafunzi huyo alikuja kuwa rekta wa Lovanium, kisha Askofu wa Mbujimayi. Sisi tunamsifu pia mwalimu aliyekubali kupingwa mbele ya watu.

Kwa seminari zetu, twaona kazi ya pamoja ingefaa kuliko kazi ya mmoja mmoja. Wafratri watatu wa makabila matatu wapewe maulizo yaleyale, na kila mmoja ayapeleke kwao wakati wa likizo, katika lugha ya mama. Kwenye kila karatasi waandike neno lenyewe kama mzee alivyolitamka, si Kifaransa chake. Waandike na kijiji, na siku, na kama mzee aliona mwenyewe au alisimuliwa tu. Mwalimu asiguse karatasi hizo. Na kabla ya kazi kutetewa, sura ya desturi irudishwe kijijini, katekista aisome kwa sauti mbele ya wale wazee, nao waseme palipoandikwa vibaya.