Kinyaa Hukinga Magonjwa, Lakini Hukosea Adui

Kwa miongo mingi Kolandoto, katika Manispaa ya Shinyanga, ilijulikana kwa kutunza wagonjwa wa ukoma. Ugonjwa huo unaonesha vyema jinsi kinyaa kinavyofanya kazi, na jinsi kinavyokosea.

Mtu akiona usaha, kinyesi au nyama iliyooza hukunja uso na kurudi nyuma kabla hajafikiri. Marehemu Profesa Valerie Curtis, mtafiti wa masuala ya usafi jijini London, alieleza kuwa hisia hiyo ni kinga inayotangulia kinga ya mwili: humweka mtu mbali na vimelea kabla havijamfikia.

Tatizo ni kwamba kinyaa hutegemea macho na pua. Maji yenye vimelea vya kipindupindu yanaweza kuwa maangavu na yasiyo na harufu. Mwaka 1854, jijini London, maji ya pampu ya mtaa wa Broad yalisababisha vifo vya mamia ya watu. Mjane mmoja aliyehamia mbali aliendelea kuagiza apelekewe maji hayo kwa kuwa aliipenda ladha yake, akafa. Mikono nayo ni vivyo hivyo: ikinuka samaki huoshwa kwa sabuni, lakini ikitoka chooni bila doa huingia kwenye ugali. Ndiyo maana nchini Ghana tangazo la televisheni, ambalo Curtis alishiriki kuliandaa, lilionesha mama akitoka chooni na rangi ya zambarau mikononi, kisha rangi hiyo ikahamia kwenye chakula.

Kwa upande mwingine, kinyaa humwangukia asiyestahili. Watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi ya ukoma, na mgonjwa akianza dawa huacha kuambukiza baada ya muda mfupi. Tiba hiyo, itolewayo bila malipo, huchukua miezi 6 hadi 12. Aliyepona anaweza kubaki na vidole vilivyokatika, lakini hana vimelea. Jirani anayekataa kula naye sinia moja, naye hakunawa alipotoka chooni, ndiye wa kuogopwa zaidi.

Dalili ya mwanzo ya ukoma ni baka lisilo na hisia kwenye ngozi. Kwa kuwa haliumi wala haliwashi, mwenye nalo akihofia kutengwa hulificha kwa nguo, na katika miezi anayokaa bila dawa anaweza kuwaambukiza watu wa nyumbani kwake.